Mama Zoé Hafanyi Kazi

Mara ya mwisho kumwita mtu mvivu ilikuwa lini, na ulikuwa umemwona akifanya nini?

Nauliza kwa sababu mimi nilimwita mtu mvivu mwaka huu, Jumanne moja saa nane mchana, na sura yake sikuwa nimeiona. Sikutamka neno hilo. Nilitumia Kiingereza kizuri na sauti ya upole, kama nilivyofundishwa. Lakini simu ilipokatika, kwenye kompyuta ya serikali mwanamke anayeamka saa kumi za usiku siku sita kwa wiki alikuwa ameandikwa kwamba hafanyi kazi.

Nilikuwa mkalimani wa simu. Nimehitimu chuo kikuu kule Richardson, kando ya Dallas, nikasoma sera za umma, nikaandika tasnifu nzima kuhusu umaskini, na kazi niliyoipata ilikuwa kukaa chumbani kwangu Irving na hedifoni kichwani nikisubiri simu iite. Afisa wa ofisi ya misaada akiwa na mtu asiyejua Kiingereza, anabonyeza namba ya Kiswahili, napokea mimi. Sijui mtu huyo ananenepa au anakonda. Najua sauti yake tu, kwa dakika kumi, kisha anakuja mwingine.

Mwaka huu simu nyingi zilikuwa za namna moja. Sheria ya kadi ya chakula imekazwa. Asiye na mtoto wake mdogo nyumbani lazima aonyeshe saa themanini za kazi kila mwezi, au za kujitolea, la sivyo baada ya miezi mitatu kadi inazimwa. Zamani ukifika umri fulani unaachwa. Sasa umri huo umesogezwa mbele, kama mtu anavyosogeza kiti unapotaka kukaa. Wanawake wa miaka hamsini na tisa, ambao hawakuwa wakiguswa, wanapigiwa simu mmoja mmoja kuulizwa: unafanya kazi? Wenye mamlaka wanasema hii ni kuwasaidia watu wajitegemee. Nimetafsiri sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema usingizini, na bado sijampata mtu mmoja aliyeisikia akashukuru.

Mama wa Jumanne ile alikuwa anaongea kutoka Gulfton, Houston. Afisa aliuliza, nami nikauliza: "Mama, unafanya kazi?"

"Ee. Niko natumika," akajibu. "Natumika kila siku kwa batoto ya majirani. Natumika mpaka mugongo inauma."

Mimi nimekulia Morogoro. Kwetu kisu kinatumika, barabara inatumika, sabuni inatumika mpaka inaisha. Mtu akikwambia anatumika, anakwambia kuna watu wamemgeuza chombo chao. Ile "ee" yake niliisikia kama mguno wa uchungu. Nikamwambia afisa, kwa huruma kabisa, kwamba mama huyu analalamika majirani wanamtumia vibaya, hata watoto wao wanamtumia, kila siku, na mgongo unamuuma.

Afisa alisikitika. Akampa namba ya simu ya watu wanaonyanyaswa. Mama akauliza, "Kunyanyaswa na nani? Na batoto?" Akakataa namba. Afisa akarudi kwenye fomu yake: kwa hiyo kazi hakuna? Na mimi, msomi, nikaongeza neno langu mwenyewe ili swali lieleweke: "Kwa hiyo, mama, kazi ya kuajiriwa hakuna?"

"Kuajiriwa? Apana."

Nikatafsiri "hapana." Dakika kumi na moja. Nikabonyeza kitufe, ikaingia simu ya mtu mwingine.

Nilikuja kujua nilichofanya wiki tatu baadaye. Aliyenieleza ni Gracien, Mkongo wa Bukavu tunayekaa naye nyumba moja. Gracien anapakia mizigo kwenye ndege pale uwanja wa DFW. Jumamosi moja nilimwambia twende tukale nyama choma kwa Wakenya.

"Siwezi, ndugu. Leo niko natumika mpaka saa mbili."

"Nani anakutumia tena?" nikamtania.

"Nani! Airport."

"Airport inakutumia?"

Akaacha kufunga kamba za buti lake, akaniangalia. "Weye Mutanzania, sikio yako iko na nta? Kutumika. Kazi! Kwetu muntu anatumika. Kwenu kazi inafanywa na nani, na punda?"

Alicheka sana. Mimi nilienda chumbani nikatafuta daftari. Sheria ya mkalimani ni kuchana kurasa zake kila jioni, na kurasa za siku ile nilikuwa sijazichana. Jina la yule mama wa Gulfton lilikuwepo, Mama Zoé, na namba ya nyumba, na kwa mwandiko wangu safi: anatumiwa na majirani. Sheria nyingine ya mkalimani ni kwamba humtafuti mtu uliyemtafsiria, kamwe. Hiyo niliivunja Jumatatu, kwa basi la asubuhi kutoka Dallas. Kazi ile sina tena, na siidai. Majina ninayoyatumia hapa nimeyabadilisha.

Gulfton ni majengo ya matofali ya ghorofa mbili-mbili, mamia kwa mamia, yamepangwa kuzunguka maegesho ya magari. Nilimuuliza msichana mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli, kwa Kiswahili, Mama Zoé anakaa wapi. Alinijibu kwa Kiingereza bila kusimama: juu, mlango wenye viatu vingi. Kweli, nje ya mlango palikuwa na jozi sita za viatu vidogo, vimepangwa vidole vikitazama ukutani.

Alifungua mwanamke mfupi, kilemba cha kijani, mtoto wa Kiafghani amelala begani. Nilijitambulisha, na kabla hajanikaribisha nikakiri kila kitu pale mlangoni, kwa sababu niliogopa nikikaribishwa nitashindwa.

Alinitazama toka juu hadi chini. "Kumbe njo weye ule wa kwa telefone?"

"Ndiye mimi, mama."

"Njo weye ulisema bananitumia kama torchon, kama kitambaa ya kupanguza meza?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilisema huyu mutoto wa telefone amelewa." Akaanza kucheka bila sauti, tumbo likitikisika ili mtoto asiamke. "Barua imekuja. Banasema fudistempu, kadi ya chakula, inaisha mwezi huu, juu miye sitake kutumika. Miye! Ingia. Vua kiatu. Sema polepole, batatu banalala."

Kwa hiyo ngoja nikueleze yule ambaye nilisema hafanyi kazi.

Amezaliwa Baraka, kule Fizi. Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vya mwaka tisini na sita viliwavusha ziwa mpaka mkoa wa Kigoma, wakaingia kambini wakidhani ni kwa miezi. Alikaa kambini miaka kumi na tisa. Alimzika mume huko, na watoto wawili. Wa tatu, Zoé, alikua akaolewa, na leo yuko Kentucky na ndiye anayelipa kodi ya nyumba ya mama yake, kila mwezi, kutoka kwenye mshahara wa kufungasha maboksi.

Kambini chakula kilikuwa cha mgao, na kutoka nje ya kambi kwenda kulima kwa watu kulikatazwa. Mama Zoé alikuwa akitoroka alfajiri na jembe, akilima mashamba ya wenyeji, akirudi na mihogo. Alikamatwa mara moja na kulala mahabusu siku nne.

"Kule balinifunga juu ya kutumika," aliniambia akikoroga uji, bila kupandisha sauti. "Huku banazima kadi juu ya kutotumika. Serikali bote bako na shida na miye."

Houston alifika akiwa na miaka arobaini na minane. Wiki ya sita tayari alikuwa kwenye dobi ya hoteli, akikunja mashuka. Alikunja miaka mitatu mpaka bega la kulia likagoma kupanda juu ya kidevu. Walimwambia apumzike nyumbani, watampigia simu. Anadhani bado wanatafuta namba. Ndipo alipoomba kadi ya chakula, na ndipo majirani walipogundua kwamba kuna mtu mzima asiyetoka asubuhi.

Ungeiona asubuhi yenyewe. Gulfton inaamka kabla ya jogoo wowote. Polycarpe, Mkongo wa mlango wa pili ambaye mke wake yuko hospitali na mimba ngumu, anatakiwa kiwanda cha nyama saa kumi na moja. Analeta wawili. Mama mmoja wa Honduras anasafisha ofisi, analeta mmoja. Dereva wa Kiafghani na mke wake wanapishana zamu, wanaleta wawili. Truphosa, Mkenya anayehudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, anamleta Brandon wa miaka mitatu. Jumla sita. Kila mmoja ana msumari wake ukutani wa kutundika begi. Mama Zoé anawasemesha Kiswahili, wao wanajibu Kiingereza, isipokuwa yule mdogo wa Kiafghani ambaye neno lake la kwanza duniani, baba yake aliniambia kwa fahari, lilikuwa "apana."

Mshahara hakuna. Wanachanga bili ya umeme. Polycarpe analeta nyama, yule wa Honduras sabuni na maharage, Truphosa dawa na kipimo cha presha. Uji wa watoto, maziwa na ndizi vinatoka kwenye kadi. Kadi ikizimwa, si Mama Zoé peke yake anayekosa kula.

Sasa nikae chini nihesabu kama wahesabuvyo wao. Watu wazima watano waliokuwa kazini kila siku walikuwa kazini kwa sababu ya mwanamke mmoja asiyefanya kazi. Kama hujakasirika bado, soma tena sentensi hiyo.

Nilisoma sheria yao wenyewe, kifungu kwa kifungu, mezani kwake. Nikaona kumbe kazi inayolipwa kwa vitu nayo ni kazi. Kinachotakiwa ni barua za wanaopata huduma hiyo. Barua ya kuzima kadi ilimpa nafasi ya kukata rufaa, nikaikata siku ile ile, na kikao cha simu kikapangwa wiki iliyofuata. Nilirudi Irving, nikarudi tena Houston na barua nne nilizozipiga chapa, zikisubiri sahihi tu.

Polycarpe alisaini akiwa amesimama, na mikono yenye harufu ya klorini. Mama wa Honduras alisaini baada ya binti yake mkubwa kumsomea. Baba wa Kiafghani alinipa chai, akanipa lozi, akanieleza kwa adabu kubwa kwamba jina lake limeshaandikwa kwenye karatasi za serikali tatu na halitaandikwa kwenye nyingine.

Truphosa alinikuta ngazini, bado amevaa sare ya bluu.

"Wewe ndio ule mkalimani mwenye aliharibu?"

"Ndiyo, dada."

"Na sasa umekuja kutengeneza." Aliichukua barua, akaisoma yote, akairudisha. "Imeandikwa poa. Lakini skiza, kijana wa Bongo. Sign yangu haiendi kwa ofisi ya serikali. Makaratasi yangu iko mahali iko, na si mahali pazuri. Nikipata shida, Brandon anabaki na nani?"

"Lakini Mama Zoé..."

"Usinifunze Mama Zoé. Nani alimpeleka emergency presha ikipanda? Ni mimi. Nani humpima kila Sunday? Ni mimi. Uliza yeye kama ako na hasira."

Mama Zoé alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo. "Muache," akaniambia. "Truphosa ni mutoto yangu. Asaini, asisaini, haina neno."

Usiku wa kuamkia kikao tulifanya mazoezi. Yaani mimi niliuliza, yeye akajibu. Nilipofika kwenye idadi ya watoto akasema, "Nitasema batoto kidogo."

"Wachache kwa nini, mama?"

"Wa serikali usibapatie hesabu yote. Ukibapatia yote, banarudi kuchukua."

Na hapo nikatoa hotuba. Naikumbuka kila neno na sitaiandika yote, inaniumiza meno. Nilimwambia asijipunguze, amepunguzwa vya kutosha. Nilimwambia kambini alifichwa, hotelini alifichwa, safari hii kazi yake yote itajwe mbele ya serikali, kichwa kwa kichwa. Nilimwambia ukweli haumdhuru mtu asiye na kosa. Alinisikiliza akichambua mchele. Mtu ambaye chakula chake hakitegemei jibu huwa anaupenda sana ukweli wote.

Kikao kilikuwa Alhamisi saa tisa mchana. Simu tuliilaza juu ya sufuria iliyofunikwa, sauti wazi. Watoto watatu walikuwa wamelala, watatu wanachora chini ya meza. Safari hii mkalimani alikuwa Mkenya, mwanamke, na afisa wa rufaa naye alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mwenye haraka lakini si mbaya.

Akauliza swali lile lile. Mama Zoé akajibu jibu lile lile: "Ee. Niko natumika."

Mkalimani akasita. Nilisikia kule kusita, nikaruka kama nimechomwa: "Kwa Kiswahili cha Kongo hiyo ni kufanya kazi! Amesema anafanya kazi!"

"Nani huyo?" afisa akauliza.

"Rafiki wa familia," nikasema kwa Kiingereza.

"Asante, kaka," mkalimani akasema kwa Kiswahili, haraka haraka. "Hapo karibu nianguke." Kisha akatafsiri: ndiyo, anafanya kazi.

Kibodi ikaanza kulia upande wa pili. Afisa akasoma barua mbili, akauliza saa za kuingia, saa za kutoka, wanampa nini. Mama Zoé alijibu yote. Kila jibu lilitua mahali pake. Nilikuwa nimekunja ngumi chini ya meza kama mtu anayetazama penalti.

"Vizuri sana," afisa akasema. "Na kwa jumla, mama, unalea watoto wangapi kwa siku?"

Mama Zoé akanitazama. Nataka ulijue hilo, kwamba alinitazama kwanza. Nami nikaitikia kwa kichwa kumtia moyo, nikainua mkono wa kulia wote na kidole kimoja cha kushoto.

"Sita," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti yake ikawa na maringo. "Mwaka iliyopita balikuwa munane!"

Kibodi ikanyamaza.

"Sita kwa wakati mmoja? Si wajukuu wako?"

"Batoto yangu mwenyewe balikufa, alibaki mumoja. Hawa ni ba majirani."

"Una kibali?"

Mkalimani akatafsiri. Mama Zoé akashangaa. "Kibali ya nini? Mama zao banakubali."

Yule mkalimani akalitafsiri hilo nalo, neno kwa neno. Afisa akashusha pumzi. Alisema simu hii inarekodiwa. Alisema angetamani asingeuliza, lakini ameuliza, na akishasikia hawezi kisheria kutosikia. Mtu bila kibali anaruhusiwa watoto watatu wa nje, si zaidi. Barua alizonazo zinataja watoto watatu, wawili wa Polycarpe na mmoja wa yule mama wa Honduras. Hao anawaandika. Saa zao zinatosha. Kadi haitazimwa. Lakini hao wengine watatu wasiwepo tena kuanzia kesho, kwa sababu taarifa lazima aitume, na mtu wa vibali anaweza kuja siku yoyote bila hodi. Wakikutwa, atafukuzwa nyumba kwanza, mengine baadaye.

"Kibali kinapatikanaje?" nikauliza.

Akataja: mafunzo, vipimo, ukaguzi wa moto, mlango wa pili wa dharura. Ghorofa ya juu ya chumba kimoja, mlango wa pili utautoboa kwenye mbingu ipi?

"Hongera, mama," afisa akamaliza, na nina hakika alimaanisha. "Sasa uko kazini."

Mkalimani Mkenya hakukata simu mara moja. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Pole, mama yangu." Hiyo nayo ni kuvunja sheria. Kisha akakata.

Mama Zoé hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alikusanya penseli za rangi chini ya meza, akasema, "Unaona? Ukibapatia yote." Akaenda kuwaamsha waliolala.

Dereva wa Kiafghani alipokuja kuchukua watoto wake, Mama Zoé alimweleza pale pale mlangoni, kwa Kiswahili na mikono, na yule bwana akaelewa upesi kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona akielewa jambo baya. Aliweka mkono kifuani, akainama, akachukua mabegi kwenye misumari.

Kisha akaja Truphosa, saa kumi na mbili na robo jioni, amechelewa, akiongea na simu iliyobanwa begani. Mama Zoé alikuwa ameshafungasha vitu vyote vya Brandon: kikombe, blanketi, suruali ya akiba, dawa ya kikohozi. Begi lilikuwa limevimba. Truphosa alilichukua bila kuliangalia.

"Mama, hiyo mambo ya simu ilienda aje?"

"Kadi iko. Haikuzimwa."

"Si nilikuambia! Mungu ni mkubwa." Akamkumbatia kwa mkono mmoja, akanipa mimi tabasamu la kunisamehe. "Kesho nakuja mapema kidogo, kuna inspection kwa kazi. Haya, Brandon, say bye to Shosho."

Wakashuka ngazi. Nikamgeukia Mama Zoé. Alikuwa bado anapunga mkono.

"Hujamwambia."

"Nitamwambia."

"Mpigie sasa hivi, mama. Anahitaji usiku kutafuta mtu."

"Maneno kama hii haisemwe na telefone," akasema, akaingia ndani. Nadhani alikuwa anataka usiku mmoja zaidi. Mimi ningeweza kumkimbilia Truphosa pale kwenye maegesho, gari lake lilikuwa halijawaka. Nilijiambia si neno langu kulisema. Kwa wiki hizo zote nilikuwa nimesema maneno ya watu wengine bila kuulizwa, na siku hiyo moja ndiyo nikaona aibu.

Nililala sakafuni kwa Polycarpe. Saa kumi na nusu alfajiri aliniamsha akiwavisha watoto, nikamsaidia kuwapeleka mlango wa pili. Mama Zoé aliwapokea. Akaja mama wa Honduras, akampokea binti yake mdogo. Watatu. Mama Zoé akabaki amesimama kizingitini, mlango umeufungua kiasi cha upana wake.

Truphosa alipanda ngazi mbili-mbili, Brandon amelala begani, ndala moja imemdondoka mguuni.

"Mama, shika huyu, nimechelewa."

Mama Zoé hakunyoosha mikono. Akamwambia. Alimwambia yote pale pale, kwa sentensi fupi, sita, simu, kibali, watatu walioandikwa. Truphosa alisikiliza huku akiendelea kumnyooshea mtoto, mikono imekwama hewani.

"Leo tu," akasema. "Mama, aki leo tu. Kuna inspection. Nikikosa leo wananitoa kwa schedule."

"Bakikuta batoto bane, bananifukuza mu nyumba."

"Nani atakuja saa kumi na moja asubuhi kuhesabu watoto? Nani?"

"Sijui. Njo sababu."

"Ni juu sikusaini? Leta hiyo karatasi nisaini sasa. Leta!"

"Afisa ameshafunga," nikasema mimi.

Akanigeukia. Sikumbuki kama kuna mtu amewahi kunitazama vile. Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho: "Niachie mimi, dada. Nitakaa naye hapa nje mpaka urudi."

"Wewe?" akasema. "Mtoto wangu nimwachie mwanaume mwenye najua wiki moja? Wewe hata kusikia hujui kusikia."

Mama Zoé alimshika Brandon shavu kwa kiganja, mara moja. Akarudi nyuma. Mlango ukafungwa, nikasikia komeo, kisha mnyororo.

Truphosa akaokota ndala, akashuka. Nilibaki juu nimeegemea chuma cha baraza nikimwangalia. Alikaa ndani ya gari na mlango wazi, akapiga simu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne iliitikiwa kazini kwake, nikamsikia akisema, "I'm coming, I'm coming, don't give out my shift." Akamfunga Brandon kwenye kiti cha nyuma, akamfunika na sweta lake mwenyewe mpaka kichwani, hata ukipita karibu usingejua kuna mtu. Akafungua kioo cha upande wake kwa upana wa vidole viwili. Kisha akawasha gari, akaingia barabarani upande wa nyumba ya wazee, ambako zamu yake ni ya masaa kumi na mawili.